Jirani wa Ghorofa ya Juu: Amri Kumi Mbele ya Kamera

Maneno haya niliyasema ukumbini, mbele ya wanafunzi wa filamu na wazee wa dini waliokuja kuangalia pamoja nao, mara baada ya kuonyeshwa sehemu ya nane ya Dekalog, zile filamu kumi za Poland kuhusu Amri Kumi. Nimeyanyoosha kidogo tu.

Shikamooni wazee wangu. Tumsifu Yesu Kristo. Assalam aleikum. Na nyie vijana mliojibana pale nyuma karibu na mlango, mambo vipi.

Kabla taa hazijazimwa, mzee mmoja Msabato alinishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mwalimu, tangazo lenu lina kosa. Mmeandika amri ya nane ni ushahidi wa uongo. Amri ya nane ni Usiibe." Mzee wangu, hujakosea, na tangazo nalo halijakosea. Wakatoliki na Walutheri wanahesabu kwa namna yao, Waanglikana na Wasabato kwa namna nyingine, kwa kuwa hawa wameiacha amri ya sanamu isimame peke yake na wale wameiunganisha na ya kwanza. Poland ni nchi ya Wakatoliki, basi hesabu ni ya Kikatoliki. Ila nimefurahi ugomvi wetu umeanzia kwenye namba, maana aliyezitengeneza filamu hizi alizipa namba tu. Dekalog, Moja. Dekalog, Mbili. Mpaka Kumi. Hakuna mahali amri yenyewe imeandikwa kwenye skrini. Ukitaka kujua ni ipi inayoguswa, fungua Kutoka sura ya 20 mwenyewe, na hata ukiifungua utakuta filamu moja imekanyaga amri tatu.

Mtu huyo ni Krzysztof Kieślowski. Alizaliwa Warsaw mwaka 1941, akafa 1996 baada ya kupasuliwa moyo, hata miaka 55 hajafikisha. Chuo cha filamu cha Łódź kilimkataa mara mbili, akaingia kwa jaribio la tatu. Vijana, hiyo mmeisikia. Alianza na filamu za hali halisi: wafanyakazi, hospitali, ofisi, foleni. Desemba 1981 serikali ya kikomunisti ya Poland ikatangaza utawala wa kijeshi, na watu wakaanza kupelekwa mahakamani kwa makosa ya kisiasa, mengine madogo kama kuandika maneno ukutani. Kieślowski akaomba kibali cha kupiga picha ndani ya mahakama. Alitaka nyuso tu, ya anayehukumu na ya anayehukumiwa.

Huko akakutana na wakili, Krzysztof Piesiewicz. Na wakagundua jambo la ajabu. Kamera ikiwepo, hakimu hatoi hukumu kali. Hataki sura yake ibaki kwenye mkanda akimfunga kijana kwa kosa la rangi na brashi. Habari ikasambaa kwa mawakili, kila mmoja akataka kamera ije kwenye kesi ya mteja wake. Kieślowski akatafuta kamera ya pili, na hakuitia mkanda. Ilisimamishwa pale imeelekezwa kwa hakimu, tupu kabisa.

Tulieni kidogo hapo. Kamera isiyo na mkanda, inayomfanya hakimu aamini anarekodiwa, ni shahidi wa uongo. Na shahidi huyo wa uongo aliwapunguzia watu vifungo. Miaka michache kabla ya kutengeneza filamu mliyoiona jioni hii, mwongozaji wake alikuwa ameshaivunja amri yenyewe, kwa makusudi, mbele ya dola, na sidhani kama kuna hata mmoja humu ambaye angemwambia aache.

Wazo la Amri Kumi lilikuja barabarani. Kieślowski alisimulia mwenyewe kwamba kulikuwa na baridi na mvua, naye alikuwa amepoteza glavu moja. Piesiewicz akamwambia mtu fulani atengeneze filamu kuhusu Amri Kumi, na mtu huyo awe yeye. Wazo baya kabisa, Kieślowski alisema. Nampenda kwa hilo, maana wengi wetu tukiletewa wazo la dini tunaona limeshabarikiwa, limebaki kutafutiwa bajeti. Walikaa wakaandika miswada kumi, zikatoka filamu kumi za televisheni, kila moja kama saa moja, zikarushwa Poland mwishoni mwa 1989 na kuendelea 1990. Wapiga picha walikuwa tisa, kila mmoja na macho yake, aliyerudia ni mmoja tu. Muziki wa Zbigniew Preisner mmeusikia.

Sasa wapi waziweke hadithi hizo kumi? Angeweza kwenda jangwani akavalisha watu kanzu na ndevu. Yeye alichagua mtaa wa maghorofa Warsaw, yale maghorofa ya kijivu yanayofanana kama sanduku juu ya sanduku. Alisema ndio mtaa mzuri kuliko yote mjini, na kwa kuwa hata huo unatisha, mkadirie wenyewe hiyo mingine. Watu wa filamu zote kumi wanaishi hapo hapo. Wanapanda lifti moja. Daktari wa filamu ya pili ni jirani wa profesa mliyemwona leo. Yule mzee aliyemwonyesha profesa stempu zake kwa furaha ya mtoto, kwenye filamu ya kumi ameshakufa, na wanawe wawili wanaingia wazimu kwa ajili ya hizo stempu, mpaka mmoja anatoa figo.

Nilikuwa nimeziangalia mara kadhaa kabla sijaifungua Biblia yetu ya Kiswahili na kusoma ile sura kwa sauti. "Usimshuhudie jirani yako uongo. Usiitamani nyumba ya jirani yako. Usimtamani mke wa jirani yako." Jirani, jirani, jirani. Tumelisoma neno hilo tangu mafundisho ya komunyo na kipaimara tukadhani limekaa pale kuipendezesha sentensi. Kieślowski alilichukua kama anwani. Akaenda kugonga mlango kwa mlango kuona nani anaishi humo.

Turudi kwa filamu ya leo. Elżbieta amekuja kutoka New York, ameketi kwenye kipindi cha maadili cha profesa Zofia, na wanafunzi wanaletewa visa vya kujadili. Anasimulia cha kwake. Warsaw, mwaka 1943, majira ya baridi. Mtoto wa Kiyahudi wa miaka sita anapelekwa nyumbani kwa mke na mume Wakatoliki. Familia itakayomficha inataka cheti halisi cha ubatizo, na hawa wameahidi kuwa wazazi wa ubatizo. Dakika ya mwisho mwenye nyumba anakataa. Anasema wao ni waumini, hawawezi kutoa ushahidi wa uongo mbele za Mungu. Muda wa kutotembea nje unakaribia. Mtoto anarudishwa barabarani.

Mlimwona profesa usoni. Hakuuliza mtoto ni nani.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikasirika, nikasema basi, hii ni filamu ya kuwasuta wacha Mungu: wameshika amri, wamemtupa mtoto. Halafu inakuja ile sehemu ya usiku, nyumbani kwa Zofia, ambaye ndiye yule mwenye nyumba, na ukweli unageuka. Amri haikuwa sababu. Mume wake alikuwa kwenye harakati za siri dhidi ya Wajerumani, na walikuwa wameletewa habari kwamba familia ile ya kumpokea mtoto inafanya kazi na Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani. Kumpeleka mtoto kule kungeufichua mtandao mzima. Wasingeweza kumwambia hivyo aliyemleta, wakashika kisingizio cha karibu, na kisingizio cha karibu kilikuwa amri ya Mungu. Yaani amri ya kutosema uongo ndiyo iliyotumika kusemea uongo. Na habari yenyewe ya Gestapo haikuwa kweli. Familia ile ilisingiziwa, nusura wauawe na watu wa upande wao wenyewe.

Hesabuni wenyewe ushahidi wa uongo uko wapi hapo. Mimi nimepata mara tatu, na mke wangu, ambaye ana jicho kali kuliko langu, anasema nne.

Ile picha ya ukutani mliiona? Inainama, mtu anainyoosha, inainama tena. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza ina maana gani. Sijui, na sihitaji. Nyumbani kwangu pia kuna picha ya hivyo.

Kabla ya Elżbieta kusimulia, mwanafunzi mwingine anatoa kisa chake, na kisa hicho ni filamu ya pili nzima. Mwanamke mume wake yuko hospitalini, ana saratani. Ana mimba ya mwanamume mwingine. Anamwendea daktari anayeishi jengo hilo hilo na kumbana: mume wangu atakufa au atapona? Akipona, mimba naitoa. Akifa, namzaa mtoto. Daktari ni mzee, watoto wake walikufa nyumba yao ilipolipuliwa na bomu wakati wa vita. Anajua kwamba hajui. Magonjwa yameshamshangaza mara nyingi. Mwishowe anamwambia atakufa. "Apa," mwanamke anasema. Naye anaapa. Mgonjwa anapona, anakuja kumshukuru daktari, anamwambia watapata mtoto, anamuuliza kama anajua maana ya kupata mtoto. Daktari anajibu kwamba anajua.

Jina la Mungu limetajwa bure hapo au halikutajwa bure? Padri wetu yuko mstari wa mbele, namwona anacheka. Atajibu yeye, mimi nina mshahara wa kufundisha kamera tu.

Nitawaambia kwa nini kisa hicho kinanikaba koo. Babu yangu mzaa baba alipougua, nilikuwa kidato cha tatu. Madaktari waliwaita wazee wa ukoo wakawaambia hakuna la kufanya. Baba na baba zangu wadogo wakakubaliana mzee asiambiwe. Mnajua tulivyo. Mgonjwa hapewi habari ya kifo chake, anapewa uji. Lakini babu hakuwauliza wao. Aliniuliza mimi, jioni, nikiwa namkanda miguu. "Mjukuu wangu, hebu niambie wewe. Wamesemaje?" Nikamwambia, "Wamesema utapona, babu. Ni suala la muda." Akafurahi. Kesho yake akaagiza mbegu za maharage kwa ajili ya msimu.

Maharage yale hakuyaona. Na kwa kuwa alijua atapona, hakuita watu kuonyesha mpaka wa shamba la bondeni, alilokuwa anasema kila mwaka kwamba ipo siku atawaita watu aonyeshe mpaka. Baba yangu na mdogo wake hawakusalimiana miaka kumi na moja. Ushahidi wa uongo niliutoa mimi, mtoto wa miaka kumi na sita, kwa upendo, miguu ya babu ikiwa mikononi mwangu. Nimeungama hilo mara mbili. Mara zote padri alinisamehe haraka sana, na ile haraka yake ndiyo iliyonisumbua. Filamu ya pili ilikuwa ya kwanza kukaa na mimi saa nzima kwenye jambo hilo bila kunikimbilia.

Sasa, vijana, tuje kwetu, na mtanisamehe. Filamu zetu nyingi zinazojiita za kidini zimeshamalizana na amri kabla kamera haijawashwa. Mzinzi anajulikana kwa nguo dakika ya tatu. Mwizi ana miwani nyeusi. Na mnajua mwisho: ajali ya gari, ukichaa sokoni, ugonjwa usiotajwa jina, au sehemu ya pili itoke Desemba. Mtazamaji anatoka amepumzika, maana aliyeadhibiwa ni yule mwenye miwani. Mimi mwenyewe nazifurahia, tena nikiwa na karanga. Ila nikiwa nimekaa pale na karanga zangu, hakuna aliyeniuliza habari za babu.

Linganisheni na sehemu ya tano, ambayo wazee walituomba tusiionyeshe, na nadhani walikuwa na haki, si ya kuangalia kabla ya chakula. Kijana Jacek anamuua dereva wa teksi bila sababu. Dereva mwenyewe ni mtu wa hovyo. Mauaji yanachukua dakika kama saba, kwa kamba kisha kwa jiwe, na mpiga picha Sławomir Idziak ameipaka Warsaw yote rangi ya kijani iliyooza kwa vichujio vyake. Ukishachoka kumchukia kijana, dola linaanza kazi yake. Kamba inajaribiwa. Beseni linawekwa chini ya mlango wa sakafuni. Kila kitu kwa utaratibu, na kila aliyepo ametumwa. Amri ni ileile kwa watu wote wawili, aliyeua kwa upumbavu na aliyeua kwa mhuri. Toleo lake refu lilipata tuzo ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1988. Mwaka huohuo Poland ilimnyonga mtu wake wa mwisho, na sheria ya 1997 ikaiondoa adhabu hiyo. Wapo wanaoipa filamu sifa zote hizo, mimi najizuia. Hapa Tanzania mtu wa mwisho alinyongwa 1994, na adhabu bado imo vitabuni.

Nisionekane nasifia Wakatoliki wa Poland peke yao. Ndugu zangu Waislamu mlioko humu, kama hamjaiona filamu ya Asghar Farhadi wa Iran ya mwaka 2011, ile ya mke na mume wanaotengana, itafuteni. Yumo mwanamke maskini, mcha Mungu, Razieh, ameajiriwa kumtunza mzee aliyepoteza kumbukumbu. Siku ya kwanza tu mzee anajichafua. Hakuna mwingine nyumbani. Razieh anasimama pale, anachukua simu, anapiga kwa wanaojibu maswali ya dini, anauliza: nikimbadilisha nguo, ni dhambi? Kuna watu nimeangalia nao wakacheka. Mimi sikucheka. Mama zetu na dada zetu wangapi wanaofanya kazi za ndani wameshasimama hapo hapo, na hawakuwa na namba ya kupiga?

Baadaye anaharibikiwa mimba, mwajiri wake anashtakiwa kwa kumsukuma mlangoni, na familia zinafikia makubaliano ya diya. Fedha hiyo ingeyafuta madeni ya mume wake. Mwajiri anaomba jambo moja tu: Razieh aape kwa Msahafu kwamba ni yeye, mwajiri, aliyesababisha. Na Razieh ana shaka, maana siku moja kabla aligongwa na gari. Hawezi kuapa. Wadai wamekaa sebuleni, chai imetengwa, mume anamwomba aape, dhambi iwe juu yake yeye mume. Hawezi. Mwajiri huyo anayedai kiapo, tayari alishamdanganya hakimu kwamba hakujua mwanamke ana mimba, na binti yake wa miaka kumi na moja akamwongopea hakimu ili kumwokoa baba. Yule binti ndiye mimi nikikanda miguu.

Kwa hiyo, Warsaw na Tehran, msalaba na Msahafu, mwongozaji amefanya jambo lilelile: amekaa mlangoni kwa jirani muda mrefu kuliko tunavyokaa sisi. Kwenye filamu nane kati ya zile kumi za Kieślowski kuna mtu mmoja anapita, hasemi neno. Anaota moto kando ya bwawa, anabeba ngazi, leo alikuwa ameketi darasani. Watu walimuuliza Kieślowski kama ni malaika. Akasema hajui ni nani, ni mtu tu anayekuja na kuangalia.

Nataka nimalizie na nyie wenye kamera, maana mko wengi, na siku hizi kila mwenye simu ni mwenye kamera. Kuna sababu Kieślowski aliacha filamu za hali halisi. Mwaka 1980 hivi alikuwa anapiga picha za watu kwenye stesheni kuu ya Warsaw, mahali pa kuwekea mizigo. Usiku mmoja wakarudi na mikanda, polisi wakaja wakaichukua yote. Baadaye ikajulikana sababu: usiku uleule binti mmoja aliyemuua mama yake alikuwa ameweka mwili ndani ya mabegi na kuyafungia humo. Kamera haikumnasa, kwa bahati tu. Lakini Kieślowski aliona kwamba angeweza kuwa mpelelezi wa polisi bila kuajiriwa na bila kutaka. Alisema pia kwamba machozi halisi yanamtisha, kwamba hajui kama ana haki ya kuyapiga picha. Kwa waigizaji ipo gliserini.

Mwezi uliopita nilikuwa msibani. Jeneza linatolewa, mjane ameshikwa huku na huku, na kijana mmoja wa mtaani yuko mbele yake kabisa, simu mkononi, anamrekodi usoni. Nilisogea. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono niichukue ile simu, na maneno nilikuwa nayo tayari, maneno makali ya kiualimu. Shangazi yake akanivuta shati. "Mwache, mwalimu. Mama mwenyewe ndiye amemtuma. Mwanawe yuko Muscat, mwajiri hakumpa ruhusa, amesema bila kumwona mama yake akilia hataamini."

Mkono wangu ulibaki hewani hivi. Sikujua niupeleke wapi, nikajifanya nafukuza nzi.

Haya, maswali. Kipaza sauti anacho yule binti mwenye kitenge cha bluu. Mzee wangu Msabato, uanze wewe.